Mkaguzi Ameona. Je, Anaweza Kusema?

Mwanzoni mwa mwaka 1995 wakaguzi wa nje wa tawi la benki ya Barings mjini Singapore walikuwa wakifunga hesabu za mwaka uliotangulia. Kwenye vitabu kulikuwa na yen bilioni 7.78, takribani pauni milioni 50, zilizoandikwa kuwa kampuni moja ya New York inadaiwa na benki. Wakaomba uthibitisho. Nick Leeson, aliyekuwa akiendesha biashara ya tawi hilo, alighushi barua ya kampuni ya New York na kuituma kwa faksi kutoka nyumbani kwake. Mashine, kama ilivyopangwa, ikachapa jina la mtumaji juu ya karatasi: Nick na Lisa, yaani yeye na mkewe. Karatasi ikapokelewa, ikawekwa kwenye faili la ukaguzi kama ushahidi. Tarehe 26 Februari benki hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1762, ilifilisika kwa hasara ya pauni milioni 827.

Mtu akisoma habari hii leo hukimbilia kusema wakaguzi wale walikuwa wazembe. Sikubali kwamba jibu linaishia hapo. Walijua kusoma, na karatasi ilikuwa mbele yao. Lakini karatasi ile iliwakuta mwishoni mwa kazi, makao makuu London yakisubiri namba, na mtuhumiwa wa baadaye akiwa ndiye nyota wa benki. Tukitaka kujua kwa nini wizi wa benki hupita mbele ya wakaguzi, itabidi tumtazame mkaguzi mwenyewe, tabia yake na hulka yake, kisha tutazame kwa makini zaidi mahali anapofanyia kazi: saa alizopewa, aliyemwajiri, anayemlipa, na yatakayompata siku akiandika alichokiona.

Mwaka 1981 mtafiti wa Marekani, Linda DeAngelo, aliueleza ubora wa ukaguzi kuwa ni uwezekano wa mambo mawili kutokea kwa pamoja: mkaguzi agundue kasoro, na akishaigundua aitoe hadharani. Mambo hayo mawili huchanganywa kila mara. Benki inapoanguka watu huuliza, "Wakaguzi walikuwa wapi?", kana kwamba tatizo ni macho. Mara nyingi walikuwapo, na walikuwa wameona. Hulka nzuri humsaidia mtu kuona. Kusema, na mara nyingi hata kufuatilia kile kilichoonekana nusu, kunategemea mazingira ya kazi.

Tuanze na hulka, kwa sababu nayo si jambo dogo. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi, ambavyo ndivyo vinavyofuatwa Tanzania na Kenya, vinamtaka mkaguzi awe na shaka ya kitaaluma muda wote wa kazi. Mwaka 2010 Kathy Hurtt, mtafiti wa Marekani pia, alichapisha dodoso la maswali 30 la kupima shaka hiyo, akaigawa katika sifa sita: kupenda kuhoji, kutoharakisha hukumu, hamu ya kujua, kuelewa watu na sababu zinazowasukuma, kujitegemea kimawazo, na kujiamini. Angalia kinachokosekana kwenye orodha hiyo. Ukali haumo. Kumdhania kila mtu kuwa mwizi hakumo. Mkaguzi anayeingia tawini amenuna, akiongea na wafanyakazi kama polisi, anaweza kuonekana hodari machoni pa wakubwa wake, lakini amejifungia mlango muhimu kuliko yote.

Mlango huo ni fununu. Ripoti ya mwaka 2024 ya chama cha kimataifa cha wachunguzi wa udanganyifu, iliyochambua kesi 1,921, inaonyesha kuwa asilimia 43 ziligunduliwa kwa sababu mtu alitoa habari, na zaidi ya nusu ya habari hizo zilitoka kwa wafanyakazi wenyewe. Ukaguzi wa ndani uligundua asilimia 14. Ukaguzi wa nje, ule unaozaa hati tunazosoma magazetini, uligundua asilimia 3 tu. Kwa hiyo mtu anayejua siri ya tawi kwa kawaida ni keshia wa dirisha la pili, au karani anayefungua akaunti, au msaidizi wa ofisi anayeona nani hubaki nyuma jioni. Swali ni kama atamwambia mkaguzi. Atamwambia yule aliyemsalimia kwa heshima, aliyemsikiliza bila kumkatiza, na asiyekimbilia kwa meneja na jina lake. Hapo kuelewa watu, sifa ya nne ya Hurtt, kunageuka kuwa chombo cha kazi kinachoshinda programu nyingi za kompyuta.

Hamu ya kujua nayo ina thamani yake. Mwizi wa benki kwa kawaida hajionyeshi kama mwizi. Mara nyingi ni mfanyakazi bora: anafika mapema, anaondoka mwisho, anajua kila kitu, hachukui likizo. Jérôme Kerviel wa Société Générale mjini Paris, ambaye biashara zake za siri ziliigharimu benki hiyo euro bilioni 4.9 mwezi Januari 2008, alichukua siku nne tu za likizo katika mwaka 2007. Wakubwa wake waliweza kuliona hilo kama bidii. Mkaguzi mwenye hamu ya kujua angejiuliza ni kitu gani kitaonekana mezani pake akiondoka kwa wiki mbili mfululizo, mtu mwingine akikaa kitini kwake.

Kujitegemea kimawazo ndiko kunakojaribiwa sana kwetu, na sipendi jambo hili lipitwe haraka. Kampuni za ukaguzi hutuma kwenye benki vijana waliomaliza chuo juzi, wengine bado wakihangaika na mitihani ya bodi ya wahasibu. Kijana wa miaka 24 anakaa mbele ya mkurugenzi wa fedha anayelingana na baba yake. Amemwamkia shikamoo, amejibiwa marahaba. Sasa anatakiwa kuuliza kwa mara ya tatu kuhusu salio lililokaa miezi minane kwenye akaunti ya kupitishia fedha, ile inayotakiwa kusafishwa kila siku. "Mdogo wangu, hilo tulishalizungumza. Nitakutumia mchanganuo kesho." Kesho inafika bila mchanganuo. Katika malezi yetu kumuuliza mzee jambo lile lile mara ya nne ni kumwambia kuwa anadanganya, na kijana aliyelelewa vizuri hawezi kufanya hivyo kwa wepesi. Malezi hayo mimi siyalaumu. Ninalaumu kampuni inayomtuma peke yake, huku mshirika wa kampuni, aliye rika la mkurugenzi na ambaye angeweza kuuliza bila kuvunja heshima, akija siku ya kusaini.

Kuna la zaidi. Kijana huyo anajua kuwa baada ya miaka miwili au mitatu atatafuta kazi nyingine, na sehemu ya kwanza atakayoifikiria ni benki kama hii aliyokalia kiti chake leo. Mkurugenzi anayeulizwa naye maswali magumu leo huenda kesho akawa ndiye anayesoma barua yake ya maombi.

Muda nao hula pole pole kile ambacho hulka ilijenga. Benki karibu zote hufunga hesabu tarehe 31 Desemba. Kenya zinatakiwa kutangaza hesabu zilizokaguliwa ndani ya miezi mitatu, yaani kabla ya Machi kwisha. Kwa hiyo kampuni zile zile chache, zenye vijana wale wale, hukagua benki zote kwa wakati mmoja. Januari hadi Machi watu hulala kwa saa tano, nne tu, wengine ofisini. Na saa za kazi hiyo zilishapangwa tangu siku ya kuomba zabuni, na aliyeshinda mara nyingi ni aliyekubali ada ndogo. Ada ikishapungua, hakuna njia nyingine zaidi ya kupunguza saa au kupunguza umri wa watu wanaotumwa.

Matokeo yake huonekana kwenye jambo dogo kama hili. Umechagua majalada 25 ya mikopo uyapitie. Jalada la 19 halionekani. Afisa mikopo anakuambia liko makao makuu kwa wanasheria, dhamana inasajiliwa. Ni saa mbili usiku, na kesho kutwa mnatakiwa kuwa mmeshamaliza tawi hili. Unaweza kuandika hoja kwamba jalada halikupatikana, hoja itakayojibiwa, ibishaniwe, ifuatiliwe kwa wiki nzima ambayo hukupangiwa. Au unaweza kuchagua jalada jingine mahali pake, likawa safi, ukaweka alama ya tiki. Hakuna atakayejua. Jalada lisiloonekana ndilo lililostahili kuonekana kuliko mengine yote, na kila mkaguzi aliyefundishwa vizuri anajua hivyo. Tangu miaka ya 1970 watafiti wa Marekani wamewauliza wakaguzi kwa siri kama wamewahi kutia saini hatua ya kazi ambayo hawakuimaliza, na sehemu kubwa ya waliojibu wamekiri. Sidhani kama watu hao walikuwa waongo kwa asili. Walikuwa na bajeti ya saa.

Uchovu una athari nyingine ambayo haizungumzwi: humfanya mtu aridhike na jibu lolote. Baada ya kashfa ya Kerviel, wachunguzi wa ndani wa Société Générale walihesabu zaidi ya mara 70 ambapo mifumo ya benki ilitoa tahadhari juu ya biashara zake. Kila tahadhari ilifika kwa mtu. Mtu akamuuliza Kerviel, Kerviel akatoa maelezo au akafuta muamala na kuingiza mwingine, na tahadhari ikafungwa. Wachunguzi walisema kwamba kwa ujumla wafanyakazi walifuata utaratibu walioandikiwa. Hawakuchimba zaidi kwa sababu utaratibu haukuwataka wachimbe. Wanaoamini kuwa kompyuta itatuondolea tatizo hili waisome ripoti ya wachunguzi hao kwa makini: mashine ilipiga kelele mara zote hizo, na binadamu waliolipwa kuzima kelele walizizima.

Na mara nyingine mtu anaona, anaandika vizuri, na bado hakuna kinachotokea. Tukirudi kwa Leeson: miezi kadhaa kabla ya faksi ile, katikati ya mwaka 1994, ukaguzi wa ndani wa Barings ulitumwa Singapore na ukaandika waziwazi kuwa mtu mmoja anafanya biashara na wakati huo huo anasimamia ofisi inayoandika na kuthibitisha biashara hizo. Ukapendekeza kazi hizo zitenganishwe. Hadi benki inaanguka pendekezo hilo halikuwa limetekelezwa. Faida iliyokuwa ikiripotiwa kutoka Singapore ilikuwa kubwa mno kwa wakubwa kutaka kuigusa. Hapa hulka ya mkaguzi haina kosa hata kidogo. Hoja iliandikwa, na aliyekuwa na mamlaka ya kuifunga aliiacha wazi.

Ushahidi ulio wazi kabisa kwamba mazingira ya kazi hushinda hulka, kwa maoni yangu, ni BCCI. Benki hiyo, iliyoanzishwa na Agha Hasan Abedi mwaka 1972, ilikuwa na matawi katika nchi zaidi ya 70, Kenya ikiwamo. Kwa miaka mingi ukaguzi wake uligawanywa: kampuni moja ikikagua upande wa Luxembourg, na Price Waterhouse upande wa Cayman. Fedha zilivuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na hakuna aliyeona mzunguko mzima. Kuanzia mwaka 1987 Price Waterhouse ikabaki peke yake. Iliona kasoro kubwa, lakini Aprili 1990 bado ilisaini hesabu za mwaka 1989, wenye hisa wa Abu Dhabi wakiwa wameahidi kuishika mkono benki. Machi 1991 Benki Kuu ya Uingereza ikaipa kampuni hiyo hiyo kazi nyingine, safari hii kwa sheria ya benki, ikiripoti kwa msimamizi badala ya mteja. Mwezi Juni ripoti iliyoitwa "Sandstorm" ilikuwa tayari, ikieleza udanganyifu mkubwa uliodumu kwa miaka. Tarehe 5 Julai 1991 benki ikafungwa.

Kampuni ilikuwa ile ile na vitabu vile vile. Aliyebadilika ni mtu anayepokea ripoti.

Tanzania tuna somo letu, na wengi tunalikumbuka kwa herufi tatu: EPA, akaunti ya madeni ya nje iliyokuwa Benki Kuu. Wakaguzi kutoka Afrika Kusini, kampuni ya Deloitte & Touche, walipokuwa wakikagua hesabu za Benki Kuu za mwaka 2005/06, walitilia shaka malipo ya takribani shilingi bilioni 40 kwa kampuni iliyoitwa Kagoda Agriculture. Mkataba wao ukasitishwa. Jambo lingeweza kuishia pale, na nina hofu kwamba mengine mengi yaliishia pale pale bila sisi kujua. Lakini kelele zikatoka bungeni na magazetini, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, wakati huo Ludovick Utouh, akasimamia ukaguzi mpya uliofanywa na Ernst & Young. Januari 2008 taifa likaambiwa kuwa shilingi bilioni 133 zililipwa kwa kampuni 22 isivyo halali, na Rais Jakaya Kikwete akatengua uteuzi wa Gavana Daudi Ballali. Ukaguzi wa pili ulifanikiwa kwa sababu aliyeuagiza hakuwa yule anayekaguliwa, na kwa sababu wananchi walikuwa macho. Sitaki kuwapunguzia sifa wakaguzi wa kwanza. Wao ndio walioona, na walichopata ni barua ya kuondoka.

Mtu anaweza kusema basi tuwape wakaguzi ulinzi wa kisheria. Ni sahihi, lakini ulinzi wa maandishi pekee hautoshi. Katiba ya Tanzania inamlinda Mkaguzi Mkuu asiondolewe kiholela. Lakini Profesa Mussa Assad, aliyekuwa na cheo hicho, baada ya kusema katika mahojiano na redio ya Umoja wa Mataifa kuwa Bunge ni dhaifu katika kufanyia kazi ripoti zake, alikuta Bunge likiazimia Aprili 2019 kutofanya naye kazi. Novemba mwaka huo akaondoka ofisini. Mahakama Kuu ilikuja kuamua Desemba 2022 kwamba kuondolewa kwake kulikiuka Katiba. Haki ilitamkwa, miaka mitatu baadaye. Katika miaka hiyo mitatu kila mkaguzi mdogo nchini alikuwa ameshapata ujumbe wake.

Kenya nayo ilionja pande zote mbili, kunyamaza na kusema, ndani ya miezi sita. Imperial Bank iliwekwa chini ya usimamizi tarehe 13 Oktoba 2015, majuma machache baada ya kifo cha mkurugenzi wake mkuu. Ni baada ya kifo hicho ndipo maofisa walipoieleza bodi juu ya udanganyifu uliodaiwa kuendelea kwa miaka mingi na kufikia zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Miaka yote hiyo hesabu za benki zilikaguliwa na kutangazwa. Yapo mambo ambayo ndani ya taasisi hayasemeki mkubwa akiwa hai, na hakuna dodoso la hulka litakalotibu hali hiyo. Kisha ikaja Chase Bank. Huko wakaguzi walishikilia msimamo kuhusu mikopo iliyokwenda kwa watu wa ndani ya benki, hati ikatoka na dosari, hesabu zikatangazwa upya zikionyesha hasara mahali palipokuwa na faida. Wateja wakakimbilia matawi kutoa fedha, na tarehe 7 Aprili 2016 benki ikafungwa. Mkaguzi anayefikiria kusema ukweli kuhusu benki hubeba mzigo huo kichwani: neno lake linaweza kuwafungia mlango wenye akiba, pamoja na wasio na hatia. Mzigo kama huo haubebwi na mtu mmoja aliyechoka saa sita usiku. Unahitaji kamati ya ukaguzi inayomsikiliza mapema na msimamizi anayepokea simu yake kabla ya gazeti.

Mkaguzi wa ndani ndiye aliye mahali pagumu zaidi, na ndiye tunayemzungumzia kidogo zaidi. Kwa maandishi anaripoti kwa kamati ya bodi. Kwa maisha ya kila siku likizo yake, gari lake, mkopo wake wa nyumba wenye riba ya mfanyakazi, na mara nyingine bonasi yake, vinapita mezani kwa mkurugenzi mtendaji ambaye kazi zake ndizo anazozikagua. Akisafiri kwenda tawi la mkoani, ni meneja wa tawi anayemtumia gari stendi na kumtafutia nyumba ya wageni. Hakuna rushwa hapo, ni ukarimu wa kawaida. Lakini asubuhi yake anatakiwa asimame mlangoni mwa chumba cha hazina kabla benki haijafunguliwa, wenye funguo wote wawili wakiwapo, ahesabu mabunda yote hadi ya nyuma kabisa ya rafu badala ya yale ya mbele tu, mbele ya mtu aliyemlipia chakula cha jioni. Benki ikitaka ahesabu mabunda ya nyuma, impe posho yake kamili na imwache ajitegemee.

Haya yote hayataki uvumbuzi mkubwa. Wiki mbili za likizo ya lazima kwa kila anayegusa fedha au mifumo, bila kuingia kwenye kompyuta hata akiwa nyumbani. Mkataba wa mkaguzi wa ndani na bonasi yake kuamuliwa na kamati ya bodi peke yake. Barua za uthibitisho kutoka kwa mkaguzi kwenda moja kwa moja kwa benki nyingine na kurudi moja kwa moja kwake, bila kupitia mikononi mwa mteja. Wirecard ya Ujerumani ilianguka Juni 2020 na euro bilioni 1.9 ambazo hazikuwapo, baada ya wakaguzi kwa miaka kadhaa kutegemea karatasi za mtu wa kati badala ya kuiuliza benki yenyewe.

Na kuna jambo moja ambalo wenye hisa na wenye akiba wangeweza kulidai kwenye mkutano mkuu ujao. Taarifa za mwaka za benki hutaja ada iliyolipwa kwa wakaguzi. Zitaje pia saa zilizotumika, ngapi zilikuwa za mshirika mwenye uzoefu na ngapi za kijana wa mwaka wa kwanza. Zitaje hoja ngapi za mkaguzi wa ndani zimekaa wazi zaidi ya mwaka mmoja, na kama mkuu wa ukaguzi wa ndani amebadilishwa ndani ya mwaka huo na kwa nini. Benki inayoweza kuhesabu mapato yake hadi senti ya mwisho inaweza kuhesabu saa hizo.